Tetea kavunjika mdomo wa juu, chakula kinamdondoka: naombeni msaada wa matunzo

Kihesa_Kuku (Iringa), mleta mada:

Habarini wadau wa mifugo.

Nina tetea chotara, Kuroiler, miezi 8, alikuwa ameshaanza kutaga. Juzi jioni alinasa mdomo kwenye wavu wa banda, ule wa matundu ya pembe sita, akajivuta na ncha ya mdomo wa juu ikang'oka.

Hali yake leo: kipande kilichotoka ni kama milimita 7. Mdomo wa chini ni mzima, ila sasa umechomoza mbele ya ule wa juu. Damu ilikata yenyewe usiku uleule. Pale palipovunjika katikati pana wekundu, na kwenye sehemu ngumu ya nje kuna ufa mwembamba wa kama milimita 4 unaopanda kuelekea puani. Hamu ya kula anayo, anadonoa muda wote, lakini punje ya mahindi inamtoka kabla hajaimeza. Maji anakunywa kidogo. Mwanzoni mwa mwezi alikuwa na kilo 1.9, leo asubuhi kabla ya kula mizani imesoma 1.7.

Yuko na wenzake 12. Chakula chao ni pumba, mahindi ya kuparaza na mashudu ya alizeti, nawawekea kwenye sinia.

Naomba kujua: mdomo utaota tena? Nimlishe nini na kwa kiasi gani? Kidonda nikipake nini? Kuna jirani ameniambia nigundishe ule ufa kwa supaglu, ni sawa? Na baridi ya huku ndiyo hiyo imeanza.

Uyole_Mifugo (Mbeya):

Pole sana ndugu. Umefanya vizuri kumpima, maana hapo ndipo penye hatari kuliko kidonda chenyewe. Kutoka kilo 1.9 hadi 1.7 ameshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kuku wa namna hii mara nyingi hafi kwa jeraha. Anakufa kwa njaa na kiu huku bakuli liko mbele yake, na mwenye kuku hana habari kwa sababu anamwona anadonoa. Kudonoa si kula. Nawaachia wengine suala la chakula, mimi nianze na mdomo.

Mdomo wa kuku ukiukata katikati utakuta nje keratini, ile sehemu ngumu isiyo na uhai inayoota kama ukucha. Chini yake kuna nyama nyembamba yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kisha mfupa. Keratini inazalishwa na ile nyama hai iliyo chini yake na inasogea kutoka kwenye shina, pale mdomo unapokutana na manyoya ya uso, kwenda kwenye ncha. Kwa hiyo jibu la "utaota?" linategemea nini kimeondoka. Ikiwa ni keratini na nyama kidogo, unarudi, ila hesabu miezi, si siku, na unaweza kurudi umepinda. Mfupa ukikatika, kipande cha mfupa hakirudi. Keratini inafunika kisiki na mdomo unabaki mfupi maisha yote. Shina likiharibika karibu na tundu za pua, usitarajie kuota kwa maana. Milimita 7 kwa kuku wa ukubwa huo iko mpakani, ndiyo maana mkague kabla ya kumpaka chochote.

Mviringe kwenye taulo mabawa yakiwa yamebanwa, mtu mmoja amshike, mwingine awe na tochi. Kwanza gusa ule wekundu kwa pamba iliyolowa. Ukisikia ni laini, ni nyama. Ukiona kitu cheupe kigumu, huo ni mfupa ulio wazi, na hapo ni kazi ya daktari wa mifugo. Pili, shika mdomo wa juu kwa vidole viwili, usukume taratibu sana kulia na kushoto. Kucheza kidogo kwenda juu na chini ni kawaida kwa kuku, lakini ukiyumba kwenda upande, mfupa umevunjika huko nyuma. Tatu, mfungue kinywa. Kwenye paa la kinywa utaona mwanya mrefu katikati, huo kazaliwa nao, usije ukadhani umepasuka. Unachotafuta ni damu, harufu mbaya, na hali ya ulimi: uwe wa rangi ya waridi na wenye unyevu. Ncha ya ulimi ikiwa kavu na inaanza kuwa nyeusi, kinywa hakifungi na ulimi unakauka kwa hewa.

Wakati umemfungua kinywa angalia pia kama kuna ukoko wa njano uliong'ang'ania ndani au vigaga pembeni mwa mdomo. Vikiwepo, huenda ni ndui ya kuku iliyoanza kabla, na hapo matibabu ni mengine na kundi zima linahusika.

Kusafisha: chemsha maji nusu lita, weka chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Lowanisha pamba, futa kuanzia puani kwenda kwenye ncha, kamwe usifute kuelekea puani. Usimmwagie. Kisha povidoni ayodini ya asilimia 10, kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 100 za maji safi, ipate rangi ya chai hafifu, upake kwa kijiti chenye pamba mara mbili kwa siku kwa siku 4 hadi 5. Spiriti, mafuta ya taa na majivu viache kabisa. Spiriti inachoma nyama inayotaka kupona, majivu yanaingia puani. Ile dawa ya bluu ya kupulizia inafaa, lakini usimpulizie usoni. Pulizia kwenye pamba nje ya banda, ndipo umpake.

Damu ikianza tena, kandamiza kwa bandeji safi dakika 5 kamili bila kuchungulia. Ukichungulia kila nusu dakika unabandua kile kinachoganda. Isipokata, bandika unga mkavu wa ngano na uendelee kukandamiza.

Maumivu yapo, tena makali, maana ncha ya mdomo imejaa mishipa ya fahamu. Dawa inayotumika kwa ndege ni meloksikamu, na kipimo akupe daktari kulingana na uzito. Diklofenaki ya dukani usimpe, inaua figo za ndege. Aspirini pia hapana kwa kuku aliyetoka kutokwa damu, inazuia damu kuganda.

Antibayotiki usikimbilie. Kama hakuna usaha, harufu wala uvimbe chini ya jicho, haihitajiki. Na hata ikihitajika, OTC (oksitetrasaiklini) ya kuweka kwenye maji inamfaa kidogo kuku wa aina hii: anakunywa nusu ya wenzake, kwa hiyo anapata nusu ya dozi, na nusu dozi inafuga usugu. Ukifika huko mwone afisa mifugo wa kata apewe kwa njia ya uhakika, na mayai yake usile wala kuuza hadi muda ulioandikwa kwenye dawa uishe.

Baridi: mtoe kwenye banda la wenzake, mweke kwenye boksi au tenga pana lenye maranda ya sentimita 5 hadi 8, ndani ya nyumba au stoo isiyo na upepo. Kuku asiyeshiba hawezi kujipasha joto. Usiku mpe chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa kitambaa, upande mmoja tu wa boksi, ili akizidiwa na joto asogee. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa msijaribu, hewa yake inaua kuku na inaua watu.

Mama_Makambako (Njombe):

Nimeona umesema sinia. Hilo sinia ndilo linalomshinda. Kuku mzima anaokota punje kwa kuibana kati ya ncha mbili za mdomo. Huyu ncha hazikutani, kwa hiyo kwenye kitu bapa anasukuma tu chakula. Anaweza kula vizuri leo hii akiwekewa kwenye kitu chenye kina, kwa sababu hapo hadonoi tena, anachota.

Chukua bakuli zito au kopo la sentimita 8 kwenda chini, lisilopinduka, na ulijaze chakula angalau sentimita 5. Likiwa na chakula cha sentimita 1 chini, ni sinia lilelile. Liinue juu ya tofali hadi liwe usawa wa kifua chake, asiiname sana.

Chakula chenyewe: chukua cha kuku wa mayai kilichosagwa, siyo mahindi ya kuparaza. Gramu 40 za chakula kwa mililita 80 za maji ya vuguvugu, acha dakika 10 kinywe maji, koroga. Kinatakiwa kiwe kama uji mzito unaoshika kijiko. Kikiwa chepesi kinamwingia puani, kikiwa kikavu kinaganda kwenye kisiki. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, inakuwa gramu 120 kavu, ambayo ni shibe ya kuku mkubwa anayetaga. Hatamaliza yote siku za mwanzo, usijali, ila pima kilichobaki.

Mdomo unajengwa kwa protini, kwa hiyo pumba na mashudu peke yake havitoshi. Kwenye mlo wa asubuhi ongeza kijiko kimoja cha chakula cha dagaa waliosagwa. Usipa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela ni wazuri, ila wakiwa wa chumvi waloweke na kumwaga maji kwanza. Au yai moja la kuchemsha lililopondwa, kila baada ya siku moja. Soya ni nzuri mradi imekaangwa, mbichi inazuia protini kumeng'enywa. Mchicha au majani ya maboga katakata laini kabisa, kijiko kimoja, kwa ajili ya vitamini A. Viazi mviringo vya kuchemsha vinampa nguvu, lakini vilivyopigwa jua vikawa vya kijani tupa, vina sumu.

Chokaa ya kuku hawezi kuokota vipande. Saga maganda ya mayai yaliyokaushwa yawe unga, nusu kijiko cha chai kwa siku changanya kwenye uji. Changarawe si lazima wakati anakula uji tu. Siku ukimrudishia punje nzima, mrudishie na changarawe.

Maji: chombo kile cha kunywea vifaranga hakimfai, ni kifupi mno. Mpe bakuli la kina cha sentimita 6 hivi, azamishe mdomo na kuinua kichwa. Asipokunywa kabisa saa 24, msaidie kwa bomba la sindano lisilo na sindano: matone 2 au 3 pembeni mwa mdomo, subiri ameze, ndipo umpe mengine. Usimsukumie maji katikati ya kinywa. Tundu la hewa liko pale nyuma ya ulimi, na maji yakiingia humo yanakwenda mapafuni, kuku anakufa baada ya siku chache na watu wanasingizia mafua. Kulisha kwa mpira hadi kwenye gole, kile kifuko cha chakula cha shingoni, mwachie anayejua.

Sasa namna ya kujua kama ameshiba. Jioni mpapase gole, pale kulia chini ya shingo: linatakiwa liwe limejaa, laini kama unga uliokandwa. Asubuhi kabla ya kula liwe tupu. Jioni likiwa tupu, hakula, haidhuru umemwona akihangaika bakulini mchana kutwa. Asubuhi likiwa bado limejaa na linanuka uchachu, punguza chakula na mwone mtaalamu. Uzito pima kila asubuhi saa ileile na uandike. Siku 3 za mwanzo usitegemee apande, tegemea asishuke.

Uji ukikaa unachacha na kuota ukungu, hata kwa baridi ya huku kwetu. Ukishakaa muda wa saa 3 uondoe, osha bakuli. Kisha mfute uso kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Hili watu wanalipuuza. Chakula kikikaukia kwenye tundu za pua anaanza kupumua kwa kinywa, na jua likitoka nzi wanatua kwenye kidonda, kesho kutwa mna funza.

Mwana_Rungwe (Tukuyu):

Huku kwetu parachichi zimejaa hadi zinaoza, na ni laini. Si angepewa hizo na ndizi mbivu badala ya kununua chakula?

Mama_Makambako (Njombe):

Hapana, mkuu. Parachichi lina sumu inayoitwa pesini, inashambulia moyo wa ndege. Ipo zaidi kwenye majani, ganda na kokwa, na ndege wengine huathirika kuliko kuku, lakini kwa kuku aliyeshuka uzito usijaribishe. Kwenye mashamba yetu ya Njombe na Rungwe hata maganda ya jikoni tuyafukie mbali na banda. Ndizi mbivu si sumu, kipande kidogo cha kumchangamsha sawa, ila ni wanga mtupu. Akishiba ndizi atakataa uji wenye protini.

Fundi_Mafinga:

Mimi nizungumzie supaglu, maana hapa ushauri mwingi unaotolewa mitaani ni nusu.

Gundi haitumiki kurudisha kipande kilichong'oka. Haitumiki pia juu ya nyama nyekundu, kwa sababu inafungia uchafu ndani na usaha unapata pa kujificha. Kazi yake ni moja, kuzuia ufa wa keratini usiendelee kupanda. Kwa hiyo subiri: kidonda kikauke kabisa, wekundu ugeuke kuwa ngozi ngumu, ambayo ni kama siku 5 hadi 7. Kama ufa haujaongezeka na mdomo hauchezi, unaweza hata usigundishe. Weka alama ya kalamu mwisho wa ufa leo, uangalie kama kesho kutwa umeivuka.

Ukiamua kufanya, tafuta karatasi ya mfuko wa majani ya chai, mwaga majani, kata kipande kinachozidi ufa milimita 3 kila upande. Safisha mdomo, ukauke. Sugua kwa msasa laini mpaka ng'aro iondoke. Funika macho na tundu za pua kwa kitambaa chepesi chenye unyevu, mvuke wa gundi unawasha. Weka kijiti cha kiberiti kati ya mdomo wa juu na wa chini, hii ni muhimu sana, gundi ikitiririka inafunga kinywa. Tone moja dogo, tandaza kwa kijiti cha plastiki, weka karatasi, tone jingine juu yake, tulia naye dakika 2, mwachie kijiti kwa dakika 10. Ukingo uliobaki na makali piga msasa.

Msitumie pamba wala kitambaa cha pamba kufuta gundi mbichi. Supaglu ikikutana na pamba inapata joto kali la ghafla, inaweza kuunguza kuku na vidole vyenu. Na kitambaa cha machoni hakikisheni hakigusi gundi. Kiraka kitabanduka chenyewe keratini inapoota. Msikibandue kwa nguvu, kinatoka na tabaka la juu la mdomo.

Kihesa_Kuku (Iringa), mleta mada:

Asanteni sana. Nimemkagua: katikati ni laini, hakuna kitu cheupe, mdomo hauyumbi kwenda pembeni, ulimi una unyevu, kinywani hakuna ukoko. Kwenye bakuli la kina anakula, jana jioni gole lilikuwa limejaa. Uzito umebaki 1.7.

Maswali mawili yaliyobaki. Mdomo wa chini hausagwi na kitu, je, nisubiri au niupunguze? Na ninamrudisha vipi kwa wenzake? Nikimsogeza karibu wanamlenga palepale penye kidonda.

Uyole_Mifugo (Mbeya):

Hapo mna matumaini. Uzito ukisimama ni habari njema, endelea hivyohivyo.

Mdomo wa chini usiuguse wiki 2 za mwanzo, kumshikashika kunamwongezea hofu. Baada ya hapo mkague kila wiki 2 au 3. Kwa kawaida midomo miwili inasagana na kujinoa. Ule wa juu ukiwa mfupi, wa chini unaendelea kurefuka, unapinda kwenda juu au pembeni, na ukishapinda unausukuma hata ule wa juu uote upande. Hapo unapata mdomo mkasi, yaani wa juu na wa chini inapishana, wa kujitengenezea, ambao ni mgumu kurekebisha.

Kupunguza tumia tupa ya kucha kabla ya kufikiria kikatio. Mulika tochi kwa nyuma ya mdomo: sehemu yenye kivuli cha waridi ina damu, sehemu iliyopauka au kuwa kama pembe ndiyo ya kupunguza. Kikatio ukilazimika, milimita 1 tu kwa mara moja, halafu tupa. Ukikata nyingi kwa pupa keratini inapasuka kwa urefu na umerudi kwenye tatizo la ufa. Mdomo wa juu usiupunguze hata kidogo, hata ukiona umekaa vibaya, mpaka uwe umerefuka kuufikia wa chini. Tofali lenye uso wa kukwaruza mpakie uji kidogo juu yake mara moja kwa siku. Akishapona atajisaga mwenyewe kwa kufuta mdomo.

Kuhusu wenzake: kuku wanavutwa na kitu chekundu, na wakishaonja damu hawaachi. Asirudi mpaka kisiki kiwe kikavu na rangi yake ifanane na mdomo. Ile dawa ya zambarau, GV (gentian violet), inasaidia kuficha wekundu, lakini ipake nje tu, isiingie kinywani wala machoni. Kwa siku 7 mweke pembeni ya banda lao kwenye tenga, waonane bila kugusana. Kisha mwachie jioni karibu na giza, muda wa kwenda kulala, kwenye fito za chini. Fito za juu atashindania na wenye midomo mizima.

Hata akirudi, mlo wake usiuchanganye na wao. Mtoe asubuhi na jioni, dakika 20 hadi 30, ale bakuli lake peke yake. Akiwa na mdomo mfupi wa kudumu utaratibu huu ni wa maisha. Ni kazi ndogo, lakini ukiuacha wiki moja tu utaiona kwenye mizani.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa: kuku anatumia ncha za mdomo kujichambua manyoya. Bila hizo chawa na utitiri wanamzaliana. Kila wiki pandisha manyoya chini ya mkia na chini ya mabawa kwa tochi, tafuta mayai meupe yaliyogandana kwenye mashina ya manyoya. Mwekee beseni la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu yaliyopoa, nusu kwa nusu, ajigaragaze akishapona kidonda. Wakizidi, dawa ya unga ya utitiri ya duka la mifugo, mpake mwilini, usoni hapana.

Kutaga kutasimama kwa muda, usimlazimishe kwa dawa za kuongeza mayai. Uzito kwanza.

Na niseme wazi kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na hali mbaya kuliko hii. Mdomo wa juu ukiondoka wote hadi puani, au wa chini ukivunjika katikati na unaning'inia, na kuku hawezi kuchota hata uji, usimweke siku nyingi akiteseka kwa matumaini. Akishuka zaidi ya robo ya uzito wake na hali haibadiliki licha ya kulishwa, mchinje mapema kwa kisu kikali. Hapo kumwacha aendelee si huruma. Na kama alipewa antibayotiki au dawa ya maumivu, nyama yake isiliwe kabla ya muda uliopangwa.

Fundi_Mafinga:

Niongeze la wavu. Kuku 12 waliobaki wanapita palepale. Wavu wa pembe sita ukilegea, matundu yanavutika na kuwa marefu, kuku anapenyeza kichwa kufuata jani lililo nje, akivuta anakwama kwenye msokoto wa waya. Kaza wavu kwa misumari ya U kila sentimita 10 kwenye ubao, na sentimita 45 za chini zibe kwa mbao, bati au wavu wa matundu madogo ya mraba. Pitisha mkono wenye glavu juu ya waya wote, kila ncha iliyokatwa ikunje iangalie nje. Majani yaning'inizwe ndani, katikati ya banda, wasiwe na sababu ya kutoa vichwa.

Uyole_Mifugo (Mbeya):

Sahihi. Na kabla sijasahau, chanjo ya mdondo: kama huwa unawapa ya kwenye maji, huyu hataipata ya kutosha kwa sababu ya unywaji wake. Subiri uzito uanze kupanda, kisha tafuta ile ya matone ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, mshike hadi apepese na tone liingie, ndipo umwachie. Rudia kila baada ya miezi 3 hadi 4 pamoja na kundi lote.